Siku ya Kisima

Kahaso hakuwa akitaka makubwa. Alitaka siku moja. Siku ambayo watu wangekuja uani kwake, wakae kwenye jamvi, wale wali washibe, kisha mtu mmoja mwenye sauti asimame na kusema mbele ya wote kwamba kisima hiki kachimba Kahaso. Basi. Baada ya hapo waende zao, naye arudi jikoni akaoshe masufuria. Nawaambia mapema ili msije mkasema baadaye kwamba mwanamke huyu alikuwa na makuu.

Na kisima kweli alikichimba. Wazungu walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza vita vyao, na Bofu wakati huo ilikuwa nyumba chache zilizotawanyika kati ya minazi na mikorosho. Maji ya karibu yalikuwa ya chumvi. Ukiyanywa unaongeza kiu, ukiyapikia kunde haziivi hata umalize kuni zote za kijiji. Maji matamu yalikuwa mbali, na huko wanawake walipanga madebe yao tangu alfajiri na kugombana hadi jua kali. Kahaso aliifuata njia hiyo miaka yote ya vita, akiwa na mimba, akiwa na homa, akiwa na mtoto mgongoni. Siku moja alilitua debe njiani, akakaa chini kwenye mchanga, akasema kwa sauti, "Sitaki tena." Hapakuwa na wa kumsikia ila mbuzi wa watu, lakini mwenyewe alijisikia.

Alipomwambia mumewe kwamba anataka kuchimba kisima nyuma ya jiko, Chengo alicheka mpaka akapaliwa na uji. Chengo alikuwa nyapara wa wapagazi kule bandarini Kilindini, mtu hodari wa kucheka na hodari zaidi wa kuchoka.

"Kisima huchimbwa na wanaume," alisema alipopata pumzi.

"Basi chimba."

"Nina nafasi hiyo mimi? Huoni meli zinavyokuja?"

Kahaso hakuziona meli, kwa kuwa kutoka jikoni kwake hazionekani. Aliazima sururu, akaanza.

Aliyemsaidia alikuwa mtu mmoja tu, Mwanatabu, jirani yake, Mdigo mwenye mikono ya kuvuta kamba na mdomo wa kuwafukuza wachekaji. Kahaso alikuwa chini akichimba, Mwanatabu juu akivuta ndoo ya mchanga. Na hawa wawili walikuwa na desturi yao ndogo, ambayo mimi naipenda kuliko mambo yote ya hadithi hii. Kila udongo ulipobadilika rangi, mchanga mwekundu ukaisha na mweupe ukaanza, au mweupe ukaisha na chokaa ikaanza, Kahaso alipanda juu, akanawa mikono, wakakaa ukingoni miguu ikining'inia, wakavunja kashata moja ya nazi nusu kwa nusu. "Hongera," Mwanatabu alisema. "Ahsante," Kahaso alijibu. Wakala polepole, na hapana aliyenyanyuka mpaka wamelamba vidole.

Nyamvula, mama yake Chengo, aliwakuta siku moja katika hali hiyo.

"Kazi haijaisha, mwala sikukuu?"

"Mchanga mwekundu umeisha, mama," Kahaso alisema.

"Ukiisha ndiyo nini? Wa chini utajichimba?"

Kahaso alinyanyuka, kwa sababu mavyaa akisimama wewe hukai. Lakini kashata aliimaliza.

Baada ya chokaa lilikuja jiwe, na chini ya jiwe maji, na maji yalikuwa ya chumvi. Mtu mwingine angefukia shimo akaenda zake. Kahaso aliwasha kibatari, akalikagua jiwe kwa kiganja, akagundua upande mmoja lilikuwa na unyevu usio na chumvi. Akaufuata huo, akichimba kwa ubavu chini ya mwamba, akiwa amelala chali na vipande vikimwangukia usoni, mpaka akapata kijipango cha mtu mmoja kukaa. Humo ndani, mwishoni kabisa, yalitoka maji matamu. Alionja, akaonja tena, akakaa gizani na kulia kwa furaha. Kisha alikichimba kisima chote kikashuka chini ya kijipango hicho, maji ya chumvi akayaziba kwa udongo wa mfinyanzi, na sehemu ya juu, yenye mchanga unaomomonyoka, akaizungushia mabati ya mapipa ya lami yaliyoachwa na wanajeshi. Mabati hayo yalikuwa laini, huwezi kuyapanda. Kushuka na kupanda kulihitaji kamba na mtu wa kuishika.

Siku maji yalipotoka, kashata haikupita kooni. Walikaa ukingoni wakitazamana na Mwanatabu, wakicheka kama waliopagawa, na kabla hawajamaliza kucheka Nyamvula akatokea na debe.

"Yametoka? Haya, nijazie."

Tangu hapo ikawa debe juu ya debe. Bofu nzima ikaja. Na hapa ndipo penye tatizo lenyewe, maana Kahaso alikuwa mtu wa kuitika. Kwetu pwani mwanamke akiitwa huitikia abee, hiyo ni adabu na kila mtu anayo, lakini abee ya Kahaso ilitoka kabla jina halijaisha. Akiitwa toka shambani, abee. Akiitwa toka chooni, abee. Wakati akichimba waliweza kumwita toka barazani, na sauti ikapanda kutoka chini ya ardhi, abee, mpaka wageni wakashtuka. Watu wa namna hiyo huitwa sana. Kahaso alipika kwenye harusi ya binamu wa Chengo, akapika kwenye matanga ya mjomba wa Chengo, akapika siku Chengo alipopewa viatu vya unyapara, ambavyo, nikikumbuka vizuri, vilikuwa vimeshavaliwa na mtu mwingine. Jamvi lilitandikwa kwa ajili ya viatu! Watu walisimama wakavisifu, kimoja baada ya kingine.

"Na kisima?" Kahaso alimwuliza mumewe usiku ule viatu vilipokwisha kusifiwa. "Tusikifanyie siku?"

"Tutakifanyia. Nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana. Wiki moja kulikuwa na meli za kurudisha askari. Nyingine Chengo alikuwa na mgongo. Kisha mvua, kisha kulima, kisha Krismasi ambayo ilikuwa na sherehe yake yenyewe. Kahaso aliendelea kuuliza kwa upole, na kila akiuliza alijiona mdogo zaidi. Mtu hawezi kujitandikia jamvi mwenyewe akasimama kujisifu, watu watamcheka mpaka kaburini. Lazima mwingine aseme. Na wa kusema hakuwa na nafasi.

Nyamvula naye alikuwa na lake. "Mtu hai hasifiwi usoni," alisema. "Ni kumwitia kijicho. Wataka uvimbe miguu?"

Kijicho hicho, inaelekea, kilikuwa hakipendi viatu.

Mbaya zaidi, watu walianza kukiita Kisima cha Chengo. Hawakuwa na nia mbaya. Kisima lazima kiwe cha mtu, na uwanja ulikuwa wa Chengo, nyumba ya Chengo, mke wa Chengo. Wapita njia waliambiana, "Tukanywe pale kwa Chengo, maji yake matamu," na Kahaso alikuwa amesimama hapo hapo akiwavutia ndoo. Aliwapa, wakanywa, wakamwambia amshukuru mumewe. Alisema atamshukuru. Jioni alipolala mgongo ulimwuma, na ndani ya kifua kulikuwa na kitu kizito ambacho hakikuwa mgongo.

Basi Ijumaa moja Chengo alirudi toka bandarini ng'ambo akiwa mchangamfu.

"Jumapili baada ya ibada wenzangu wa bandarini wanakuja kukiona kisima. Karani Phineas naye atakuja. Mwalimu Nguma wa kanisani atakiombea." Alimpiga mkewe begani. "Haya, umepata siku yako."

Kahaso alikaa chini kwenye kibao cha mbuzi, nazi ikiwa mkononi. Alitaka kucheka, akajizuia, akacheka.

"Nani atasema?"

"Si mimi? Mwenye nyumba nani?"

"Utasema nini?"

"Nitasema yanayosemwa."

Aliridhika na hilo. Na mimi hapo ningempiga kofi, lakini ukiwa na kiu ya muda mrefu huulizi sana.

Jumapili hiyo alikuwa jikoni kabla ya jogoo. Mwanatabu alikuja kumkunia nazi. Kahaso alivaa leso mpya, kijani na nyeusi, na juu yake akafunga ya zamani ili mpya isiingie masizi. Alipanga kila kitu: wali ukiiva ataifungua ya zamani, ataosha uso, atatoka, atakaa kwenye jamvi upande wa wanawake, atasikiliza. Alikuwa hata amechagua pa kukaa, pale penye kivuli cha mwembe mchanga, ambapo Chengo angeweza kumwonyesha kwa kidole bila kugeuka sana.

Lakini wapishi wengine walikuwa wamechota tangu alfajiri kwa wali, kwa mchuzi, kwa vyombo, na kisima kikatibuka. Nyamvula alivuta ndoo akaitazama.

"Mwataka Mwalimu aombee matope?" alisema. Kisha akapaza sauti. "Kahaso!"

"Abee!"

"Shuka ukakisafishe. Wageni wako njiani."

Wanaume watatu walikuwa wamekaa pale, wazima wa afya. Hakuna aliyewatazama, na wao walitazama minazi. Mwanatabu alikuwa amekwenda kwake kuleta masinia. Kahaso aliangalia wali uliokuwa ukichemka, akaangalia njia, akaivua leso mpya, akaikunja, akaiweka juu ya mkeka. Alibaki na ya zamani na kilemba. Chengo na karani Phineas, ambaye alikuwa amewahi na suruali yake nyeupe, wakamshusha kwa kamba.

Chini maji yalikuwa ya mapajani na baridi. Kahaso alikijua kisima hicho shubiri kwa shubiri. Alizoa mchanga, akajaza ndoo, akatikisa kamba, ndoo ikapanda, ikarudi, akajaza tena. Jasho lilimwingia machoni, akakivua kilemba akajifutia, akakitundika kwenye jiwe lililochomoza. Kazi ilikwenda haraka, maji yakaanza kutulia. Alijaza ndoo ya mwisho, akapiga kelele, "Hii ndiyo ya mwisho! Mkiimwaga nivuteni!"

Ndoo ilipanda na kamba ikapanda nayo. Haikurudi.

Alisikia sauti nyingi juu. Mwalimu Nguma alikuwa amefika na waumini wake, na ninyi mnajua salamu zetu. Hamjambo. Hatujambo. Watoto je. Wazima. Na wa Rabai je. Wazima, isipokuwa bibi, mguu. Mguu umefanyaje. Kahaso aliusikiliza mguu wa bibi wa Rabai mpaka ukaisha.

"Chengo!" aliita. "Nitoe!"

Wimbo ulianza wakati huo huo, wimbo wa kanisa, wenye sauti nne na wanaume wanaoimba kwa kifua. Aliita tena na tena. Sauti yake ilipanda kidogo ukutani kisha ikamrudia. Alijaribu kupanda, vidole vikashika jiwe, akafika kwenye mabati, miguu ikateleza, akaanguka majini. Alijaribu mara nyingine akachubuka kiwiko. Juu mbingu ilikuwa kipande kidogo cha duara, na vichwa vilipita ukingoni bila kutazama chini. Hofu ilimshika, kisha akaituliza kwa kujiambia kwamba hawawezi kuanza bila yeye. Ni siku yake. Wakifika kwenye maneno watauliza yuko wapi mwenyewe, Chengo atakumbuka, watamtoa. Atatoka amelowa, basi, watu watacheka, si neno.

Wakaanza bila yeye.

"Ndugu zangu," ilikuwa sauti ya karani Phineas, mtu wa bara, anayeyatamka maneno yote kwa ukamilifu, "mimi nimeona watu wengi bandarini. Lakini mtu anayetoka kazini amechoka, akashika sururu, akachimba mpaka akapata maji matamu kama haya kwa ajili ya majirani zake, mtu huyo sijamwona. Huyu ndiye nyapara wetu!"

Makofi. Kahaso alisimama majini ameinua uso. Sasa, alijiambia. Sasa Chengo atasema hapana, Phineas, umekosea. Alimsikia mumewe akikohoa. Alikijua kikohozi hicho, ni cha mtu anayetafuta njia.

"Ahsanteni," Chengo alisema. "Kazi ilikuwa ngumu. Lakini Mungu alitusaidia."

Hata uongo hakusema, mnaona? Alikwepa tu, akapita pembeni. Na Mwalimu Nguma, ambaye hakujua lolote zaidi ya alivyoambiwa, akaomba Bwana ambariki mtumishi wake Chengo na kisima chake hiki. Watu wakasema amina. Wanawake wakapiga vigelegele, Nyamvula akiwazidi wote.

Kahaso aliingia kwenye kile kijipango chini ya mwamba, pale alipolala chali akichimba, akakaa juu ya jiwe na kukumbatia magoti. Hakulia. Alikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda, maana huwezi kuondoka na kubamiza mlango ukiwa ndani ya kisima. Alifikiri, hata ningekuwa juu ingekuwa hivi hivi. Ningekuwa jikoni, na vigelegele ningevisikia kupitia makuti. Nimechimba shimo hili kwa mikono yangu na sasa nimo ndani yake, na juu yake wanakula.

Ndipo sauti ikatoka jikoni.

"Kahaso! Kahaso we, wali unashika!"

Abee ilipanda yenyewe mpaka kwenye meno. Aliifungia hapo.

"Kahaso!" Nyamvula aliita tena, akangoja. Alishangaa. Kwa miaka yote aliyomjua mkamwana wake hakuwahi kumwita mara mbili. "Jamani, Kahaso yuko wapi?"

Chengo akasema kwa sauti ndogo, "Yuko kisimani."

Miguu ilikimbia. Duara la mbingu lilijaa vichwa, likawa giza. Kutoka pale alipokaa Kahaso aliona kivuli chao juu ya maji, lakini wao, kwa kuwa mwamba ulimficha, waliona maji matupu. Na juu ya maji kilemba chake, kilichokuwa kimeanguka toka kwenye jiwe, kilikuwa kikielea kimejitandaza.

"Kahaso!" Chengo aliita.

Hakuitika. Hakuwa amepanga. Mdomo wake tu ulikataa, na moyo ukidunda kwa woga wa kile mdomo ulichokuwa ukifanya.

"Kahaso! Mama watoto!"

Kama angekuwa mwanamke mwingine, wangesema amenuna. Wangesema amezimia, leteni kamba. Lakini huyu alikuwa Kahaso, ambaye angeitika hata kutoka usingizini, na watu wote wa Bofu walilijua hilo. Kahaso ameitwa na hakuitika. Kwao hapakuwa na maana mbili.

"Amekufa," Nyamvula alisema. Kisha akapiga ukelele wa msiba.

Mnajua kilio cha wazee wetu. Hawalii tu, wanamtaja marehemu, alilofanya na alivyokuwa, kila mtu akiongeza lake. Kahaso alikuwa amekipikia chakula mara nyingi kilio hicho. Leo alikisikia kikiingia kisimani na jina lake ndani yake.

"Mwanangu ee!" Nyamvula alilia. "Mwanangu uliyeniondolea debe kichwani! Ulichimba na mimba, mwanangu, ulichimba na homa, nami nikikusimanga ukingoni! Nitamwita nani leo!"

"Huyu mama ndiye aliyechimba?" Ilikuwa sauti ya Phineas, na haikuwa ya makofi tena.

"Ni yeye," Chengo alisema. Alikuwa amelala kifudifudi, kichwa chake ndani ya kisima, na machozi yake Kahaso aliyasikia yakidondoka majini. "Ni yeye peke yake. Mimi sikushika hata sururu. Nilimcheka. Nilikuwa nikirudi nalala, nasikia sururu yake chini ya ardhi, nageuka upande wa pili. Kisima hiki ni cha Kahaso! Nisikieni wote! Ni cha Kahaso!"

Wanawake walipokea. Mmoja alisema Kahaso ndiye aliyempikia harusi yake na hakuonja hata punje. Mwingine alisema alimnyonyeshea mwanawe alipougua. Mwalimu Nguma alisema Bwana amemchukua mwanamke shujaa kutoka kati yao. Yote hayo yalishuka chini, moja baada ya jingine, na Kahaso alikaa gizani meno yakigongana kwa baridi, akiyapokea. Yalikuwa matamu. Nikisema hakuyafurahia nitakuwa mwongo. Alisogea hata karibu na mdomo wa pango ili asikie vizuri, na alipokuwa akisogea aliona jambo lililomkata maini: akisema nipo tu, yatakwisha. Na asiposema, atabaki humu. Alijiambia, kidogo tu. Mpaka yule amalize. Mpaka yule mwingine.

Huko juu wanaume walikuwa wakibishana nani ashuke. Hapana aliyejua kisima kina nini chini. Kamba ilipita mkono huu na ule.

Ndipo masinia yalianguka. Yaliangukia kwenye mawe kwa kishindo kilichofika mpaka chini, na Mwanatabu akapiga kelele ambayo haikuwa na maneno. Hakulia kilio cha kutaja. Alisukuma watu. "Nipe kamba," alisema. "Nipe kamba mimi, wewe mwanamume wa bure! Nishusheni! Wallahi mkinishika nitajitupa!" Na miguu yake ikaonekana kwenye duara, nyayo zake mbili zilizopasuka, zikitafuta pa kukanyaga kwenye mabati yale laini.

Mwanatabu hakuwa amewahi kushuka humo, wala kamba alikuwa bado hajaifunga.

"Usishuke!" Kahaso alipiga kelele. "Mwanatabu, usishuke! Nipo!"

Kilio kilikatika. Hakikufifia, kilikatika.

"Nipo," alisema tena, akatoka pangoni akasimama majini wamwone. "Mzima."

Walimvuta. Alipofika ukingoni alikaa hapo hapo chini, maji yakimchuruzika, kiwiko kikivuja damu, na watu wote wamemzunguka. Wanawake walikuwa wakifuta machozi kwa pembe za leso. Wengine walianza kucheka, kile kicheko cha baada ya hofu. Chengo alikuwa amesimama na mchanga kifuani, macho mekundu. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe Kahaso alikuwa katikati ya watu bila chombo mkononi. Akawatazama mmoja mmoja. Akavuta pumzi.

"Endeleeni," alisema.

Hawakuelewa.

"Mlikuwa mkisema. Endeleeni, nasikiliza."

Alisema kwa upole, bila kejeli, kama mtu anayeomba maji. Wanawake walitazamana. Phineas aliangalia suruali yake. Mwalimu Nguma alifungua mdomo, akaona si msiba tena, na maombi yalishaombwa, akaufunga. Nyamvula ndiye aliyepata sauti ya kwanza.

"Una wazimu? Watutia roho mikononi, kumbe umejificha! Siku ya watu!" Alikuwa bado akitetemeka, na hasira yake yote ilikuwa ni hofu, lakini ilitoka kama hasira. "Wali umeshika chini!"

Kahaso alimtazama mumewe. Aliyasubiri maneno yale yale, hakutaka mapya, yale tu aliyoyasikia akiwa chini, mara moja, sasa akiwa na uso wa kuyapokelea. Chengo alimtazama. Midomo yake ilisogea. Aliona wenzake wa bandarini wakimwangalia, watu anaowapigia filimbi kila asubuhi.

"Kahaso," alisema.

Kahaso akangoja kitakachofuata jina.

"Umelowa," Chengo alisema. "Ingia ndani ukavae. Watu wana njaa."

Kahaso alikaa kidogo zaidi. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na watu uani na wali jikoni na hapakuwa na mwingine wa kupakua, alinyanyuka akaenda. Nyuma yake mazungumzo yalirudi, kwanza ya chini, kisha ya kawaida, na mtu mmoja akauliza maji ya kunawa yako wapi.

Mwanatabu alimfuata jikoni. Alimfunga leso mpya kwa nguvu, akamfunga kiwiko kwa kitambaa kwa nguvu zaidi, na alipomaliza akampiga begani kwa kiganja.

"Umeniua," alisema, machozi bado yakimtoka. "Ulikuwa wasikia toka mwanzo?"

"Nilikuwa nasikia."

"Mbona hukuitika?"

Kahaso alikuwa akiutenga wali mzuri wa juu na ule ulioshika chini, mzuri kwa ajili ya wageni.

"Ningeitika," alisema, "wangenyamaza."

Mwanatabu alishika upande mmoja wa sinia la wanaume, Kahaso akashika wa pili, wakatoka nalo.